Gari Linakunywa Maji

Ilikuwa Oktoba 2006, mwaka wa ukame. Wakazi wa Bunda wenye umri wa kutosha wanaukumbuka mwaka ule. Ziwa Victoria lilikuwa limerudi nyuma hadi mitumbwi ikalala kwenye mchanga mahali tulipozoea kuoga, umeme ulikuwa wa mgawo nchi nzima, na maji ya kunywa mjini kwetu yalinunuliwa kwa dumu. Siku hiyo, kiasi cha saa kumi jioni, nilikuwa nimekaa barazani nikisubiri pikapu yangu irudi kutoka Kisorya na mzigo wa dagaa. Badala yake nikaona lori la pamba likija polepole kutoka upande wa ziwa, na nyuma yake, kwa mnyororo, gari langu likivutwa kama ng'ombe mgonjwa asiyetaka kwenda joshoni.

Mpwa wangu alishuka, uso umejaa vumbi. Alikuwa mtoto wa dada yangu wa Kibara, kijana wa miaka 24, na ulikuwa mwaka wake wa tatu akiniendeshea gari.

"Shikamoo, mjomba," alisema.

Sikuitikia. Kwetu, mtu mzima kuacha kuitikia shikamoo ni adhabu nzito kuliko kiboko, nami nilikusudia iwe hivyo. Alinieleza kwamba walipokaribia Bulamba gari lilianza kupungukiwa nguvu, likatoa moshi mweupe, injini ikagonga mara chache, kisha ikazima na haikuwaka tena.

"Ulikuwa unatazama nini hata injini ikafa mikononi mwako?" nilimwuliza mbele ya majirani waliokuja kushangaa.

Akafungua mdomo, akaufunga. Jioni ile ile nilimlipa siku zake, nikakata humo fedha ya lori lililomvuta, nikamwambia arudi kwa mama yake.

Msomaji, siandiki habari hii kwa sababu kufa kwa injini ni jambo la ajabu. Injini hufa kila siku. Naandika kwa kuwa nimewaona wenzangu wengi wakisimama kwenye njia panda niliyosimama mimi: gari limekufa, je, ulitengeneze, au uachane nalo ununue jingine? Wengi wetu huanza kwa kuuliza bei. Mimi pia nilianza na bei, na huko ndiko nilikopotea.

Kwanza nieleze gari lenyewe lilikuwa nini kwetu. Nilifanya kazi ya ubwana shamba, upande wa pamba, tangu mwaka 1970 hadi nilipostaafu 2001, na hadi leo watu wa Bunda huniita Bwana Shamba. Nilianza na baiskeli, nikapewa pikipiki, na mwaka 1994 nikanunua kwa fedha zangu Toyota Hilux ya dizeli, mtumba, kwa mtu mmoja wa Musoma. Injini yake ilikuwa ile iitwayo 2L, yenye ujazo wa sentimeta za ujazo 2,446. Baada ya kustaafu, gari hilo ndilo lililokuwa shamba langu. Lilibeba pamba msimu wa pamba na dagaa miezi mingine. Lilibeba majeneza. Usiku lilibeba mama wajawazito kwenda hospitali, bila malipo, kwa maana mtaani kwetu hapakuwa na gari jingine. Mtoto mmoja hakungoja tufike, akazaliwa humo humo juu ya magunia. Ada ya binti yetu wa mwisho, aliyekuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni, ilitoka kwenye gari hilo.

Basi usiku ule sikulala. Asubuhi nikampigia simu kijana wangu wa kwanza, anayefanya kazi Mwanza.

"Baba," alisema, "gari la tangu enzi za Mzee Mwinyi, bado tu unalililia? Liuze kama lilivyo. Ukinunua jingine nitakuchangia milioni moja. Lakini la kutengeneza hilo, nisamehe, baba. Mimi sichangii matibabu ya marehemu."

Nilicheka, ingawa sikuwa na hamu ya kucheka. Kisha nikachukua daftari na kalamu, nikaanza hesabu.

Benki nilikuwa na shilingi 2,600,000, masalio ya kiinua mgongo changu. Fundi wangu, baada ya kulizunguka gari na kusikiliza nikieleza, alinipa makadirio ya njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kushusha injini ile ile na kuifanyia matengenezo makubwa: silinda hedi mpya, kuchonga silinda na kutia pistoni na ringi mpya, beringi na gasketi zote, jumla shilingi 1,350,000. Njia ya pili ilikuwa kununua injini nzima ya mtumba, ile ya 3L yenye ujazo wa 2,779, ambayo hukaa kwenye gari la aina yangu bila taabu kubwa. Hiyo ingefika shilingi 2,000,000 pamoja na kuifunga, na kwa kuwa namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, ningelazimika pia kwenda kutoa taarifa ili kadi ibadilishwe.

Njia ya tatu ilikuwa ya kijana wangu. Mtu mmoja alikuwa tayari kununua gari langu bovu kwa shilingi 1,200,000. Ukijumlisha na fedha zangu za benki na milioni ya kijana, inakuwa 4,800,000. Nikauliza bei ya gari dogo la mtumba kutoka Japani. Siku zile ushuru wa forodha wa gari ulikuwa asilimia 25, na juu ya hapo kodi ya ongezeko la thamani ilikuwa asilimia 20. Maana yake, gari lililofika bandarini Dar es Salaam kwa shilingi milioni 4 huongezwa milioni 1 ya ushuru, kisha ile milioni 5 huongezwa milioni 1 nyingine ya kodi. Tayari ni milioni 6, bado gharama za bandari, usajili, bima, na safari ya kulileta hadi Mara. Niliweka milioni 7. Ningepungukiwa na milioni 2 na laki 2, ambazo ningekopa kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa. Tena hilo ni gari dogo la kukaa watu, lisiloweza kubeba gunia moja la dagaa bila kunuka mwaka mzima. Pikapu kama yangu ingekuwa ghali zaidi ya hapo.

Hata hivyo, nakiri kwamba moyo wangu ulikuwa kwenye njia ya tatu. Sababu haikuwa hesabu. Sababu ilikuwa hasira. Nilitaka gari lile liondoke machoni pangu, pamoja na kumbukumbu ya lile lori na mnyororo. Nilitaka kitu kipya ambacho hakijaniaibisha.

Mtu akiwa katika hali hiyo, kila jambo analolisikia hulifanya kuwa ushahidi wake. Nilijiambia kwamba Wajapani ni watu wenye akili, nao hawang'ang'anii gari kuukuu. Lakini ukweli wa Wajapani nilikuwa naujua, ila niliusukuma pembeni. Kule, gari jipya hupelekwa kukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, na baada ya hapo kila miaka 2. Ukaguzi huo, pamoja na kodi na bima zinazoambatana nao, ni gharama kubwa, nayo matengenezo huongezeka kadiri gari linavyozeeka. Kwa hiyo mwenye gari huona nafuu kuliuza likiwa bado linatembea vizuri, na ndiyo maana bandari zetu hazikauki magari yao. Mjapani analiacha gari kwa hesabu za Japani. Mimi nilitakiwa kuliacha au kulishika kwa hesabu za Bunda.

Na sisi tulikuwa na hesabu zetu za zamani. Wenye umri wangu wanakumbuka hali ilivyokuwa baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979, jinsi fedha za kigeni zilivyoadimika na spea zikawa kama dhahabu. Hadi mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, swali la kununua gari jingine halikuwepo kwa watu kama sisi. Lilikuwapo swali moja tu: fundi ataweza? Mafundi wa wakati ule walikata gasketi kwenye makaratasi magumu na kuchonga vipuri kwenye vyuma chakavu. Taabu ilikuwa kubwa na siitamani irudi. Lakini taabu ile ilimfundisha fundi kuuliza jambo ambalo mwenye fedha hahitaji kuliuliza: kwa nini kitu hiki kimeharibika?

Fundi wangu alitoka katika chuo hicho. Gereji yake ilikuwa chini ya mwarobaini, si mbali na njia panda ya kwenda Kisorya. Siku ya nne nilimwendea kumwambia kwamba nimeamua kuuza. Nikakuta amekwisha kuifungua injini bila kunisubiri, na vipande vyake amevipanga juu ya gunia, kimoja kimoja, kama muuza dawa za kienyeji.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba. Mbona umefungua? Mimi nimekuja kukwambia nauza."

"Kuuza ni haki yako, mzee wangu. Lakini usiuze kabla hujajua kilichoua. Chuchumaa hapa."

Nikachuchumaa. Alinionyesha kwanza silinda hedi. Kati ya tundu mbili za valvu palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Akasema injini hizi za 2L ni imara, ila kichwa chake hakivumilii joto kali. Kikichemshwa sana hupasuka hapo hapo. Kikishapasuka, maji huingia mahali pa kuchomea mafuta, na huo ndio moshi mweupe. Maji yakiisha, pistoni huvimba kwa joto, oili hushindwa kazi, chuma husaga chuma, na injini hushikana.

"Basi ni dereva," nikasema. "Aliona joto linapanda, hakusimama."

Fundi hakunijibu. Alichukua rejeta, aliyokuwa ameikata upande wa juu, akaninyoshea. Vijia vya maji, ambavyo ni vyembamba sana, vingi vilikuwa vimeziba kwa tope gumu la rangi ya kahawia. Akakwangua kidogo kwa bisibisi, akanipa mkononi. Lilikuwa tope la ziwani. Nalilijua. Mimi ndiye niliyemwambia mpwa wangu ajaze madumu kule Kisorya na kulinywesha gari maji ya ziwa, kwa kuwa maji ya Bunda yalikuwa ya kununua.

Kisha akanionyesha kifuniko cha rejeta. Springi yake ilikuwa imekufa zamani, na mahali pake palikuwa pamefungwa kipande cha plastiki kwa utepe wa mpira. Nilikifunga mimi. Fundi akanikumbusha jambo ambalo bwana shamba alipaswa kulijua kutoka darasani. Sisi tunaishi kwenye kimo cha zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Kifuniko kizuri hubana mgandamizo ndani ili maji yachelewe kuchemka. Kifuniko cha plastiki ni sawa na sufuria isiyo na mfuniko.

Themostati nayo haikuwepo. Iliondolewa miaka kadhaa nyuma na fundi mwingine, aliyesema kwamba kwenye nchi za joto haina kazi, nami nilikubali kwa kuwa kuiondoa hakukugharimu kitu.

"Hata hivyo," nilisema, sasa kwa sauti ndogo, "angetazama mshale."

Fundi alinyanyuka, akaenda kwenye sanduku lake, akarudi na daftari la shule lililojaa alama za oili. Akafungua ukurasa wa mwezi wa tatu mwaka ule, akaweka kidole. Palikuwa pameandikwa kwa mwandiko wake: Bwana Shamba, mshale wa joto haufanyi kazi, 15,000. Na mbele yake: amesema baadaye.

Nilibaki nimechuchumaa hadi miguu ikafa ganzi. Mpwa wangu hakuwa na mshale wa kutazama. Na jambo lililonichoma zaidi lilikuja lenyewe kichwani bila fundi kulisema. Kijana yule alikuwa ameniambia. Si mara moja, mara tatu. "Mjomba, gari linakunywa maji." Mara ya kwanza nilimwambia aongeze. Mara ya pili nilimwambia aongeze. Mara ya tatu nilimwambia kwamba vijana wa siku hizi wanapenda kutengenezatengeneza kwa sababu fedha si zao. Siku ile barazani alipofungua mdomo na kuufunga, bila shaka neno hilo ndilo lililokuwa mdomoni mwake. Alilimeza ili asinivunjie heshima mbele ya majirani. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilioneshwa ufa mara tatu, na mjenzi wa ukuta nikamfukuza.

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu yote. Alikuwa anachambua mchele. Hakusema "nilikuambia," ingawa alikuwa na haki. Aliuliza swali moja tu.

"Baba watoto, ukinunua hilo jingine, utalinywesha maji ya wapi?"

Msomaji, miaka 31 niliwahubiria wakulima wa pamba jambo moja kuliko yote. Ukishavuna, ng'oa miti ya pamba ya zamani uichome moto. Usiiache shambani. Ukiiacha, wadudu watakaa humo wakisubiri, na mwakani hata ukipanda mbegu bora kuliko zote wataila. Walikuwepo wakulima wavivu waliokuja kulalamika ofisini kwangu kwamba mbegu ya serikali ni mbaya. Nilikuwa nawafuata hadi shambani, nakuta miti ya zamani imesimama, nawaambia, "Mzee, mbegu haina kosa." Nami sasa nilikuwa nataka kupanda mbegu ya milioni 7 katika shamba ambalo sikuling'oa kitu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba swali la kutengeneza au kununua lilikuwa swali la pili. La kwanza ni: nini kiliua? Kama gari limekufa kwa uzee wake, kununua jingine ni busara. Lakini kama limekufa kwa tabia ya mwenyewe, basi gari jipya litafuata njia ile ile, tena likiwa na deni mgongoni.

Kulipopambazuka nilipanda basi la Kibara. Barabara ile ilikuwa bado ya vumbi wakati huo, na kwa jinsi tulivyobanana nilipata nafasi ya kutosha kufikiri nitakachosema. Nilimkuta dada yangu uani. Yeye ni mkubwa kwangu.

"Shikamoo, dada."

Alikaa kimya. Akaendelea kugeuza dagaa wake juani. Nikajua namna mpwa wangu alivyojisikia siku ile, na nikajua kwamba nimestahili. Baada ya kitambo akasema, "Marahaba. Karibu kigoda."

Mpwa wangu alipokuja kutoka ziwani nilimwambia mbele ya mama yake kwamba kosa lilikuwa langu, na nikataja yote kwa utaratibu: maji, kifuniko, mshale, na zile mara tatu. Nilimrudishia fedha ya lori niliyomkata. Si desturi yetu mjomba kumwomba radhi mpwa wake, na nakiri maneno yalipita kwa shida kooni. Nilimwomba arudi kazini. Alikubali kwa sharti moja, alilolisema akitazama chini kwa adabu: akisema gari lisimame, lisimame, bila kupiga simu Bunda kuomba ruhusa.

Nikachagua kutengeneza injini ile ile. Sikuchagua ile ya 3L, ingawa ni injini nzuri, kwa sababu sikujua aliyeitumia kabla yangu aliinywesha nini. Ya kwangu nilijua kilichoiua. Fundi naye aliweka sharti lake: hafungi silinda hedi mpya mpaka nimenunua rejeta, kifuniko, themostati, mipira ya maji na mshale wa joto. Hivyo vyote viligharimu shilingi 210,000 juu ya makadirio ya kwanza, na jumla ikawa 1,560,000. Kwa kawaida gari liliniingizia kama shilingi 180,000 kwa mwezi baada ya kutoa dizeli na mshahara wa dereva, kwa hiyo matengenezo yangejilipa katika muda wa karibu miezi 9. Benki ilibaki 1,040,000, na ada ya Januari ilikuwa salama. Kijana wangu wa Mwanza nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema atachangia rejeta. Rejeta, alisema, haihesabiki kuwa matibabu ya marehemu.

Kazi yenyewe haikuwa rahisi. Bloku ilipelekwa Mwanza kuchongwa, na kwa ajili ya mgawo wa umeme mashine ilifanya kazi usiku tu, tena usiku mwingine umeme haukuja kabisa. Fundi alilala huko siku 3 juu ya benchi akilinda chuma chetu kama mtu anayemwuguza ndugu. Mwishoni mwa Novemba injini iliwaka chini ya mwarobaini. Mpwa wangu alikaa kwenye usukani. Wote tulitazama mshale. Ulipanda polepole, ukafika katikati, ukatulia.

Gari lile lilitufanyia kazi miaka 9 zaidi. Lilimaliza ada ya binti yetu hadi chuo. Tulilinywesha maji masafi na dawa ya kuzuia kutu, na kila Jumamosi asubuhi, kabla halijawashwa, nilifungua kifuniko mwenyewe nikachungulia.

Nisieleweke vibaya. Simwambii mtu kwamba kutengeneza ni bora siku zote. Mwaka 2015 fundi yule yule aliliinua gari kwa jeki, akalala chini yake, akachukua bisibisi na kuisukuma kwenye chesisi. Ikazama hadi kwenye mpini. Miaka ya maji ya dagaa yaliyochuruzika kutoka kwenye magunia ilikuwa imekula chuma kutoka ndani. Injini ilikuwa bado inawaka kwa mguso wa kwanza, lakini alinitazama akatikisa kichwa. "Bwana Shamba, injini ni moyo, unatibika. Huu ni mgongo." Safari hii sikuwa na hasira wala aibu. Niliuza injini kwa mtu aliyeihitaji, mwili ukaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kwa akiba niliyokuwa nimeiweka kidogo kidogo kwa ajili ya siku hiyo, nikanunua pikapu nyingine bila kukopa. Jambo la kwanza nililolifanya nayo ni kutandika turubai zito chini ya magunia ya dagaa.

Basi, ndugu msomaji, gari lako likifa, usikimbilie bei. Chuchumaa kwanza na fundi wako akuonyeshe kilichoua. Mwulize kama ni moyo au mgongo. Hesabu gharama kwa miezi ya kazi gari litakayokufanyia, wala usiihesabu kwa aibu uliyoipata barabarani. Na kama kuna mtu aliyekuambia mapema ukamnyamazisha, mtafute kabla hujatafuta spea.

Mpwa wangu sasa ana gari lake mwenyewe la abiria, linalokwenda Mwanza na kurudi. Akipita Bunda hunipigia honi, na akipata nafasi husimama kunisalimu. Ile silinda hedi iliyopasuka sikuitupa. Naitumia kuzuia mlango wa barazani usipigwe na upepo. Ni chuma kizito, hakisogei. Ufa wake ni mwembamba sana. Ukiwa umekaa kitini huuoni, mpaka uiname.